Nileteeni Data

Wewe pia ulicheka. Usijifanye hukuwepo. Ulikuwa kwenye mkeka sebuleni kwa jirani, au umesimama nje ya dirisha la watu wenye televisheni, na Bwana Tindo alipofungua kidirisha chake na kuuliza data iko wapi, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha majina ya walioshiriki yakaanza kupanda kwenye kioo, nawe ukainuka kwenda kufungia kuku. Hukusoma. Hukuuliza ni nani aliyeanza kucheka kabla yako, ukamfuata. Miaka yote hii umegeuza uso pembeni. Sasa kaa usikilize, maana muda wenyewe ni mfupi.

Asubuhi tangazo lilipotoka, Brigita binti Leonardi alikuwa barazani kwao Ujiji akikata sabuni. Sabuni ya mawese hukatwa ikiwa bado na uvuguvugu, kwa waya uliokazwa kati ya vijiti viwili, na mkono ukitetereka mche unatoka umepinda. Mama yake, Yunisi, ambaye macho yake yalikuwa yameshafunga, alikaa mlangoni akiipanga miche kwa kupapasa. Ndani, televisheni ilikuwa inajiongelesha yenyewe. Jirani yao Mwanvua akapita na beseni la dagaa kichwani, akasimama kusimulia jinsi jogoo wake alivyofukuzwa msikitini mlango wa wanaume, akazunguka na kuingia kwa mlango wa wanawake. Alipofika hapo akafungua kinywa kucheka. Kicheko chake kikatoka chumbani, kwenye televisheni, chembamba na kirefu. Akafunga kinywa, kikakoma.

"Mwanvua, leo kicheko chako kina mafua," Yunisi alisema.

"Ni spika yenu hiyo, imejaa vumbi. Nikiwa bandani kwa Gasper ninacheka vizuri tu."

Brigita aliendelea kukata. Ndipo mtangazaji akasema kwamba kipindi cha Njoo Kesho kinatimiza miaka ishirini na tano, kwamba michezo yote itarushwa upya tangu wa kwanza, na kwamba sherehe ya uzinduzi itafanyika Ujiji, kwenye ghala la zamani la mawese, kwa kuwa watu wa Kigoma ndio waliotuma ujumbe mwingi wa kukiomba kuliko mkoa wowote. Waya ukasimama katikati ya sabuni. Mche ule ulitoka umepinda.

"Watamrudisha Leonardi?" Yunisi aliuliza.

"Watarudisha kipindi, mama."

"Si ndiyo hivyo hivyo."

Kwa mliozaliwa juzi: Njoo Kesho kilikuwa kichekesho cha kila wiki kuhusu ofisi yenye kidirisha kimoja na karani mmoja, Bwana Tindo, mtu wa tai fupi na tumbo refu, ambaye kazi aliyoajiriwa ilikuwa kuwaambia watu warudi kesho. Kilikuwa kizuri. Lazima isemwe, maana mwenye hasira hana ruhusa ya kusema uongo. Kikianza, mtaa ulinyamaza. Wagomvi walikaa benchi moja mpaka kiishe, ndipo wakaendelea na ugomvi wao pale walipouachia. Mtu mwenye kidonda cha ofisi, na nani hana, alikitazama akapoa.

Waigizaji walikuja Kigoma kwa treni, mwaka wa mvua kubwa, kupiga picha kipande kimoja bandarini. Kabla hawajaondoka mvua ikakata reli, wakakwama. Mwongozaji wao, mtu asiyeweza kukaa bure, akaomba lile ghala la Ujiji, akaning'iniza vinasa sauti kwenye kenchi za paa, akawaita watu waje kutazama mchezo mpya. Watu wakaja na watoto mgongoni na mikono yenye harufu ya samaki. Brigita, wakati huo msichana, aliachwa nyumbani kuangalia pipa la sabuni lisifurike. Ndiyo maana kicheko chake anacho mpaka leo.

Mchezo wenyewe ulihusu kompyuta. Ofisi ya Bwana Tindo imeletewa kompyuta, naye sasa hamhudumii mtu bila data. Mjane anafika dirishani kufuatilia mirathi. Bwana Tindo anapiga meza: "Data iko wapi? Bila data mimi siwezi kazi. Nileteeni data!"

Mahali pengine hapo hapana cha kuvunja mbavu. Lakini ghalani walikuwa wamejaa Waha, na kwa Kiha, data ni baba yangu. Walichokiona wao ni bwana mzima, mwenye tai na mvi, anampigia mjane meza huku akimlilia baba yake. Leonardi, fundi wa mashine za boti, ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilikuwa kama mashine inayovutwa kamba: kinakohoa, kinakohoa tena, halafu kinashika. Kiliposhika, ghala zima likashika. Hata wazee wa Ujiji wasiojua Kiha cha kuombea maji walicheka kwa sababu Leonardi anacheka. Bwana Tindo, mtu wa Dar es Salaam, akadhani ni nyusi zake. Akazipandisha, akarudia. Walicheka tena. Akarudia tena.

Reli ilipounganishwa wakaondoka na kanda zao. Jioni hiyo Leonardi alimwona paka ameingiza kichwa kwenye kopo, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mabega yalitikisika, machozi yalimtoka, sauti hapana. Kesho yake ikajulikana kuwa ni wote waliokuwa ghalani. Daktari, mgeni aliyehamishiwa kutoka Iringa, aliwachungulia koo mmoja mmoja, akawaambia wasukutue kwa maji ya chumvi. Walisukutua. Kipindi kiliporushwa ndipo wakajua vicheko vyao vilikokwenda: vilikuwa mle, vyote, kila mtu akitambua chake, si katika mchezo wa kompyuta peke yake bali katika michezo yote iliyofuata, hata ile ambayo watu wa Kigoma hawajawahi kuiona ikichezwa.

Tangu hapo, aliyekuwa ghalani alicheka kupitia televisheni iliyo karibu naye. Kamati za harusi zilikodi televisheni pamoja na viti. Umeme ukikatika, habari za kuchekesha ziliwekwa mpaka urudi. Mtu huzoea.

Na nchi nzima ikajifunza kucheka kwa Leonardi. Mtu wa Tanga, mtu wa Songea, asiyejua Kiha hata salamu, akisikia data anakufa mbavu. Hamkujua mnachokicheka. Mliambukizwa tu. Watoto wenu walirudi shuleni wakipiga meza, nileteeni data, na nyinyi mkaona ni ujanja wa Bwana Tindo. Jina la Leonardi halikupanda kwenye kioo hata mara moja. La mpishi wa waigizaji lilipanda. La mwenye magari lilipanda.

Leonardi alifariki wakati kipindi bado kinarushwa, kwa hiyo mwanzoni Yunisi hakuwa mpweke sana. Kila wiki alivuta kigoda mbele ya televisheni, akangoja mumewe akohoe, akohoe tena, ashike. Macho yalipofunga, masikio yalibaki kazini. Kisha kampuni ya televisheni ikaacha kukirusha kipindi, na hapo ndipo Yunisi alipokuwa mjane.

Basi pima mwenyewe jinsi Ujiji ilivyokuwa wiki ile ya tangazo. Gasper, mwenye banda la kuonyeshea video ambalo vijana wanaliita kibanda umiza, alilipaka rangi nje na ndani, ingawa sherehe haikuwa kwake. Wanawake walishona sare ya kitenge chenye picha ya kidirisha. Wanaume wazima waligombana barabarani kuhusu ni nani aliyecheka wa pili baada ya Leonardi. Mwanvua alisema ni yeye, Gasper akasema Mwanvua alikuwa wa pili kutoka mwisho, hata siku ile alichelewa kuelewa. Watu walishuka na bodaboda kutoka Kidahwe. Kutoka Mwamgongo walikuja kwa boti, wanakwaya, wavuvi, mkunga, wote waliokuwa ghalani ambao wangali hai, na watoto wa waliokufa, wakisemeshana kwa sauti ya juu kama watu wanaokwenda kupokea mahujaji. Yunisi alitoa sandukuni kitenge alichokivaa siku reli ilipokatika. Brigita akamsuka nywele.

"Mama, tulia."

"Nimetulia. Wewe ndiye unayeruka."

Kampuni ilimtuma Oswald, afisa masoko, kijana safi mwenye viatu vyeupe na fulana za kugawa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaamkia wazee wote wa mstari wa mbele, akashika mikono yao kwa mikono miwili. Alasiri milango ya ghala ikafungwa ili kuwe na giza, skrini kubwa ikawashwa, na Oswald akatangaza kwamba wataanza na mchezo unaopendwa kuliko yote, katika toleo jipya lililosafishwa picha na sauti. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye kenchi. Waliokuwa ghalani siku ile walikaa mbele, wamefungua vinywa tayari.

Kidirisha kikafunguka. Bwana Tindo akatokea, mwangavu kuliko alivyokuwa hai. Alipiga chafya, watu wakacheka ndani ya skrini. Kilikuwa kicheko laini, cha sawasawa, kama maji yanayomiminwa kila mara kutoka kikombe kilekile. Watu wa mbele walitazamana. Hakuna aliyekitambua hata kimoja. Gasper alisema pengine vyao vinakuja baadaye, vinapanga foleni.

Mjane akafika dirishani. Yunisi akashika kiti. Bwana Tindo akapiga meza, data iko wapi, bila data mimi siwezi kazi, nileteeni data, akapandisha nyusi.

Kimya. Kisha mjane akajibu, na mchezo ukaendelea.

"Hakukohoa," Yunisi alisema. "Brigita, hakukohoa."

Brigita aliinuka, akamfuata Oswald alikosimama kando ya spika, akamuuliza kile kicheko cha zamani kiko wapi.

"Kile tumekitoa, dada. Kilikuwa kichafu sana. Halafu kulikuwa na jenereta inanguruma nyuma, mafundi wetu wamehangaika nayo wiki nzima. Sasa tumeweka kicheko safi, kimetoka ng'ambo."

"Ile si jenereta. Ni baba yangu."

Oswald akamtazama, akatazama skrini, akamtazama tena. Akasema pole, na ilionekana anaimaanisha. "Ila ile data ilishafutwa."

Yunisi alikuwa amefika, akishikilia migongo ya viti. Kiswahili alikipata ukubwani, na neno lile masikioni mwake lilikuwa na maana moja.

"Nani amemfuta?"

"Data, bibi. Data ndiyo imefutwa."

"Ego, ndiyo. Nimesikia. Nauliza nani amemfuta."

Oswald alisema jambo hilo ni refu, ukumbini pana kelele, yeye analala hoteli ile ya juu kilimani, wazungumze vizuri. "Njooni kesho," alisema.

Waliokuwa ghalani siku ile wakafungua vinywa kwa pamoja. Watu waliinama, walipigana mapaja, walishikana mabega wasianguke, na hakuna kilichosikika, maana skrini ilikuwa haiwajui tena. Oswald alifikiri wanalia. Akaagiza fulana ziongezwe.

Vicheko vyenyewe vilifika wiki iliyofuata, kwa treni. Mafundi walipovikata walivitupa nje, na kwa kuwa njia viliyoijua ilikuwa moja, ile viliyochukuliwa nayo, vilikwenda stesheni Dar es Salaam vikapanda daraja la tatu. Abiria waliosafiri navyo walisema vilikaa kwa adabu, ila kila stesheni mtu akiuza mahindi na kutaja bei, kimoja kilishindwa kujizuia. Kigoma wachukuzi walifungua behewa, wakavishusha. Brigita alikuwepo, na Mwanvua, na Gasper, na watu wengi hata geti likafungwa.

Kulikuwa na fujo kidogo. Vimezeeka, na wenyewe wamezeeka, kutambuana kukawa kazi. Mwanvua alifungua kinywa kuita chake, kikaingia cha Gasper, cha mbuzi aliyeshtuka. Chake kikaingia kwa Gasper. Walijaribu kubadilishana pale pale jukwaani, wakashindwa kwa sababu kila walipojaribu walicheka. Mpaka leo Mwanvua akitaka kujisikia anakwenda kibanda umiza kumsimulia Gasper habari za jogoo. Vya marehemu vilichukuliwa na ndugu zao, vikawekwa panapofaa. Cha Bonaventura, mmoja wa marehemu hao, mwanawe alikitia kwenye kengele ya baiskeli.

Cha Leonardi kilitoka mwisho. Kilikuwa kizito, kinanuka petroli. Brigita alikitia kwenye dumu lililokuwa la mawese, akafunga mfuniko, akapanda bajaji mpaka mwalo wa Kibirizi. Hapo alikuwepo Japhet, aliyefundishwa ufundi na Leonardi, mwenye boti inayobeba watu kwenda Mwamgongo. Mashine ya boti hiyo ilikuwa imegoma tangu msimu uliopita. Brigita akamuuliza kama anaweza kujaribu. Japhet alifungua tangi, wakamimina taratibu, lisimwagike hata tone. Kisha akavuta kamba.

Mashine ikakohoa. Akavuta tena. Ikakohoa. Akavuta, ikashika.

Walimleta Yunisi siku hiyohiyo. Japhet alimbeba mpaka ndani ya boti, akamkalisha nyuma kabisa, karibu na mashine, mahali ambapo abiria hawapendi kukaa kwa sababu ya kelele. Boti ikaondoka Kibirizi ikicheka. Ilicheka ikipita miamba, ilicheka ikipita Gombe, ambako sokwe waliitikia, ilicheka ikipandisha watu na magunia na kuku. Abiria walimsalimu Leonardi wakipanda na kumuaga wakishuka. Yunisi alisikiliza mpaka Mwamgongo. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mfuniko wa mashine, unapotetemeka. Walipogeuza kurudi alimuuliza Brigita kama boti hii huenda kila siku. Brigita akasema huenda kila siku. Yunisi akasema basi na yeye atakuwa anakwenda kila siku, na akawa anakwenda.

Hapo ingekuwa vizuri kukuacha. Ungeinuka ukafungie kuku.

Lakini kumbuka ulichokifanya wewe. Uliliwasha toleo jipya, ukakaa na watoto wako uwaonyeshe ulichokuwa unakicheka utotoni. Bwana Tindo akauliza data iko wapi. Ukangoja. Hakuna aliyekohoa, kwa hiyo hukucheka. Watoto wakakutazama. Ukasema, basi, kipindi kimezeeka, ukabadilisha chaneli. Ninyi wote mlibadilisha, Tanga mpaka Songea, na kampuni ikaona.

Oswald akarudi Kigoma. Safari hii hakuwa na fulana, alikuwa na karatasi yenye muhuri. Aliwaamkia wote, akamshika Yunisi mikono, shikamoo bibi, akaeleza kwa upole kwamba kicheko kilirekodiwa kwenye kanda za kampuni, kwa hiyo ni mali ya kampuni, na kwamba kilipotoka kilitoka kwa bahati mbaya. Japhet aliuliza, na mashine je. Oswald akasema mashine itarudishwa kikishatolewa. Mwanvua, mwenye kicheko cha Gasper, aliuliza kama na wao watafunguliwa vifuniko. Oswald akajibu kwamba kwa sasa wanaanza na walio kwenye vyombo. Walio hai wataitwa.

Watu wa kampuni wakaifungua mashine kwenye boti, wakaipeleka mjini, kwenye stoo ya wakala wao karibu na stesheni, ingoje treni. Jina la Leonardi halimo kwenye karatasi. Pameandikwa sauti ya nyuma.

Yunisi amehamisha kigoda chake. Anakaa mbele ya mlango wa stoo tangu asubuhi, na Brigita humletea chai na kukatia sabuni hapohapo kando yake. Wapita njia wanawasalimu, kisha wanausalimu mlango. Mara mojamoja ndani panasikika kikohozi, halafu cha pili, halafu basi, kwa sababu hakuna wa kuvuta kamba. Mlinzi, Bonifasi, hana ubaya. Ameambiwa cha kusema, anakisema kupitia kidirisha kidogo cha mlangoni.

Treni inapangwa sasa hivi. Mabehewa yanagongana, Yunisi anayasikia.

Inuka. Kuku wataingia wenyewe. Toka hapo ulipo, njoo Kigoma, lete na wanao wasiojua walichokikosa. Simama nyuma ya kigoda cha Yunisi. Kidirisha kikifunguka, piga meza kama iko, na kama hakuna piga mlango, useme maneno unayoyajua tangu utotoni, mara hii kwa maana yake: nileteeni data.

Bonifasi atakuambia uje kesho.

Usiondoke.